Uludağ kwa siku moja: ya kuuliza kabla hujalipia safari ya gari la waya

Mfanyabiashara wa Darajani, Unguja, akishafunga mizigo yake Laleli, mtaa wa maduka wa Istanbul, aghalabu hubakiwa na siku moja kabla ya ndege. Familia iliyompeleka mzee wao kutibiwa Istanbul nayo huwa na siku ya kungojea majibu. Hapo ndipo kijana wa mapokezi hotelini anapochomoa kijikaratasi chenye picha ya kibanda cha vioo kinachoning'inia juu ya misonobari, theluji chini yake, na maandishi makubwa: Bursa, Uludağ, teleferik, siku nzima, chakula ndani ya bei. Safari yenyewe ni nzuri. Ila wanaorudi wamenuna, na si wachache, huwa hawaulaumu mlima. Hulaumu basi, maduka na foleni. Siku ya saa 13 au 14 imewapa saa moja u nusu tu ya kukaa juu.

Kwa hivyo usinunue orodha ya vituo, nunua saa. Mwulize muuzaji maswali mawili: tutafika kituo cha chini cha gari la waya saa ngapi, na tutaanza kushuka saa ngapi? Mwenye safari iliyopangwa vizuri atakujibu hapo hapo. Anayeanza kukuhadithia uzuri wa Bursa hajui, au anajua na hataki useme hapana.

Uludağ ni mlima ulioinamia mji wa Bursa, kusini ya Bahari ya Marmara, kilomita 150 na kitu kwa barabara kutoka Istanbul. Kilele chake kina mita 2,543, na eneo lake kubwa ni hifadhi ya taifa tangu 1961. Gari la waya, ambalo Waturuki huliita teleferik na ndivyo utakavyoliona kwenye vibao, halifiki kileleni. Linaanzia Teferrüç, pembezoni mwa mji, kama mita 400 juu ya bahari. Linapita Kadıyayla kwenye mita 1,230 hivi. Linafika Sarıalan, kama mita 1,630. Na linamalizikia eneo la mahoteli, kama mita 1,800. Njia nzima ni karibu kilomita 9 na huchukua dakika 20 hadi 25 siku isiyo na upepo. Njia ya mwanzo ilifunguliwa 1963. Hii ya sasa, yenye vibanda vya watu wanane, ni ya 2014. Utamsikia mtembezaji akisema ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Mwachie, inategemea unahesabu vipi.

Muhimu ni vile vituo viwili vya juu. Safari nyingine za kundi huishia Sarıalan na hazifiki mahotelini, na tiketi zake hazilingani bei. Wakati wa joto si hasara hata kidogo: Sarıalan kuna uwanda wa majani, misonobari, na mabanda ya kuchomea nyama. Wakati wa baridi, mwenye hamu ya kuona watu wakiteleza kwenye theluji anataka mahotelini, na ahakikishe tiketi yake inafika huko.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa wanaokwenda Disemba mpaka Machi. Juu mahotelini kuna viti vya waya, telesiyej kwa jina la huko: benchi la wazi lenye chuma cha kujifungia kifuani, miguu inaning'inia, baridi inakupiga usoni. Safari za bei poa hupandisha watu mlimani kwa basi, halafu wakawakalisha kwenye viti hivyo kwa dakika chache, na kwenye kijikaratasi ikaandikwa "teleferik". Si uongo mtupu, lakini sicho kile kibanda cha vioo cha pichani. Uliza kwa jina la kituo: tunapandia Teferrüç? Na tiketi imo ndani ya bei, au ni hiari ya kulipia papo hapo? Ikiwa ni ya kulipia, uliza bei yake siku hiyo hiyo, kwa sababu bei za Uturuki hubadilika haraka na iliyoandikwa mtandaoni mwaka jana haikusaidii.

Kuhusu kampuni: kila wakala halali wa utalii Uturuki ana nambari ya uanachama wa TÜRSAB, jumuiya ya mawakala wa safari wa Uturuki, na mtembezaji halali ana kitambulisho anachovaa shingoni. Kuomba kuona nambari si utovu wa adabu. Uliza pia lugha. Safari nyingi za Bursa zimetengenezewa wageni wa Ghuba, kwa hivyo maelezo ndani ya basi huwa ya Kiarabu, halafu Kiingereza kidogo kwa kujisumbua. Kwa mzee aliyesoma chuo cha Kurani na anayefahamu Kiarabu, hiyo ni raha. Vijana wasiofahamu watalala njia nzima. Familia ya watu sita au saba hesabu zao huja karibu na gari dogo la kukodi, na hilo ndilo ninalolipendelea: mnajipangia saa zenu, na maduka mnayaruka. Ila dereva si mtembezaji. Atakufikisha mlangoni, historia utajisomea.

Sasa saa zenyewe. Uturuki na Zanzibar zina saa moja, mwaka mzima, kwa hivyo simu hubadilishi kitu. Ukiambiwa 7:30 ni saa moja u nusu asubuhi, na basi hupita hoteli baada ya hoteli: Laleli, Sultanahmet, Taksim. Aliyechukuliwa wa kwanza anaweza kuzunguka saa nzima kabla basi halijatoka mjini. Kisha ni mwendo wa saa moja na zaidi kuelekea Gebze. Hapo kuna njia mbili za kuvuka ghuba ya Izmit: pantoni kutoka Eskihisar kwenda Topçular, kama nusu saa majini ukiacha foleni, au daraja la Osmangazi lililofunguliwa 2016, ambalo linavukwa kwa dakika chache lakini ushuru wake ni mkubwa. Safari za kundi hupenda pantoni, tena huiuza kama starehe. Kwa mtu wa visiwani kupanda pantoni si starehe ya kulipia. Ukipewa hiari, kwendea chukua daraja. Wakati wa kurudi hata pantoni haidhuru.

Kutoka hapo mpaka Bursa ni saa moja nyingine, lau si maduka. Yalova au njiani basi litasimama kwenye duka la lokum, tamutamu za Kituruki, na asali, na mara nyingine la ngozi. Kampuni hulipwa na duka. Ndiyo sababu bei ya safari ikawa chini. Hakuna ubaya kujua hivyo na kunywa chai yao ya bure. Ubaya ni duka moja kugeuka matatu, kila moja dakika 40, na saa mbili za mlima zimekwenda. Uliza idadi kabla ya kulipa. Lokum hiyo hiyo utaipata Bursa sokoni au Istanbul kwa bei ambayo hukuandaliwa wewe.

Vituo vingine ni çınar ya İnkaya, mti wa kama miaka 600 wenye matawi makubwa yaliyotegemezwa kwa nguzo, kwenye barabara ya kupandia mlima; halafu chakula cha mchana; halafu gari la waya; halafu mjini Bursa kama muda umebaki. Mpangilio huu una kasoro moja kubwa. Chakula kikiliwa kabla ya kupanda, mnafika Teferrüç saa nane mchana pamoja na mabasi yote mengine ya Istanbul. Wakati wa Julai na Agosti, au Jumamosi na Jumapili yoyote yenye theluji, foleni ya hapo huweza kula saa nzima. Ni bora kupanda kwanza na kula baadaye. Siku zenye nafasi ni Jumanne mpaka Alhamisi, na miezi ya Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Kuna pia siku kadhaa kwa mwaka ambapo njia hufungwa kwa matengenezo, kwa kawaida msimu wa wageni wachache, basi mwombe muuzaji athibitishe kwamba inatembea siku yako.

Kupanda kwenyewe kuna namna yake, na ni vizuri kuijua kabla, hasa kwa mwenye mzee au watoto. Waya ni mmoja, mnene, umeungwa duara, hauachi kuzunguka. Kila kibanda kina koleo juu yake linaloubana waya kwa nguvu ya springi. Kikiingia kituoni, koleo hufunguka, kibanda huachana na waya na kushikwa na msururu wa magurudumu ya mpira yanayokipunguza mwendo mpaka kikaenda kama mtu anayetembea polepole. Milango hufunguka yenyewe. Unaingia kibanda kikiwa bado kinakwenda, hakikusimamii. Kisha milango inafunga, magurudumu yanakiongeza mwendo, koleo linabana waya tena, na hapo unahisi mvuto kidogo mgongoni na ardhi inakimbia chini.

Basi mpangeni zamu. Aingie kwanza mtu mwepesi, akae upande wa mbali, anyooshe mkono. Mzee aingie wa pili, mmoja akimshika kutoka ndani na mwengine akimsindikiza nyuma, na atembee sambamba na kibanda hatua mbili kabla ya kuweka mguu ndani. Mtoto mdogo abebwe. Kigari cha mtoto kikunjwe kabla ya kufika kwenye mstari, si pale mlangoni. Mikoba mikubwa ya manunuzi ibaki kwenye basi. Mzee asiyeweza kabisa kutembea kwa mwendo huo, mwambieni mhudumu mapema. Wana uwezo wa kupunguza mwendo wa njia au kuisimamisha akaingia. Neno la kumwambia ni "yavaş", taratibu, likitamkwa "yavash", pamoja na ishara ya mkono. Wahudumu wanafahamu.

Ndani, anayeogopa urefu akae akiutazama mlima, mgongo kwa mji; mwenye kiti cha upande wa pili ndiye anayeona bonde likizama. Kibanda kikipita kwenye nguzo hutikisika na kutoa mlio wa magurudumu ya juu. Ni kawaida, kila nguzo itafanya hivyo. Kikisimama ghafla hewani, mara nyingi ni mtu tu aliyechelewa kuingia kituoni, na baada ya dakika moja au mbili kinaendelea. Umeme ukikatika, njia za namna hii huwa na injini ya akiba ya kuvirudisha vibanda vyote vituoni, kwa mwendo wa chini. Watoto waambiwe mapema: hakuna kuruka wala kutikisa kibanda, kwa kuwa kuyumba ndiko kunakoifanya mitambo isimamishwe. Kadıyayla mnaweza kupita bila ya kushuka. Sarıalan sikilizeni mhudumu: akiwaonyesha mlango, shukeni na mfuate vibao vya Oteller, yaani mahoteli. Na tiketi msiitupe. Ni hiyo hiyo ya kushukia.

Kuna wanaoulizia ajali ya Antalya, na wana haki. Aprili 2024, siku za Idi, nguzo ya gari la waya la Tünektepe ilianguka, kibanda kikapasuka, mtu mmoja akafa, na watu 174 waliokwama hewani ikachukua karibu saa 23 kuwashusha wote. Ile ni njia nyingine, mji mwingine. Kwa maoni yangu, katika siku hii sehemu ya kuhofiwa ni saa nane za barabarani, na mkanda wa kiti cha basi upo lakini hakuna anayeufunga. Ufunge.

Kinachoharibu safari mara nyingi kuliko ajali ni upepo. Huko wana upepo wa kusini wanaouita lodos, hupiga zaidi tangu vuli mpaka mwanzo wa machipuo, wenye joto na wa ghafla, na kwa kazi yake ni kama kusi letu likichafuka mkondoni: boti zinafungwa, watu wanarudi nyumbani na mikoba yao. Juu ya nguzo za gari la waya kuna vipimo vya upepo. Ukizidi kiasi, mwendo hupunguzwa. Ukizidi tena, njia inafungwa, na hakuna wa kubembelezwa. Inaweza kufungwa asubuhi ikafunguliwa mchana, na inaweza kufungwa nanyi mko juu. Likitokea hilo, mnashuka kwa barabara, kilomita 30 na kitu za kona mpaka mjini, kwa daladala za huko au basi lenu likipanda kuwafuata. Ndiyo maana simu ya mtembezaji muwe nayo, na mahali pa kukutania mkubaliane kabla ya kutawanyika. Kwa wenye kichefuchefu cha gari, zile kona si mchezo: tangawizi mbichi ya kutafuna au kidonge cha safari nusu saa kabla.

Swali la kuuliza siku ya kununua: njia ikifungwa kwa upepo, mnarudisha pesa za tiketi, mnahamisha siku, au mnatupandisha kwa basi? Jibu lolote kati ya hayo linakubalika, ila liandikwe kwenye risiti au kwenye ujumbe wa WhatsApp. Jibu la "inshaallah haitofungwa" si jibu.

Sasa baridi, na hapa watu wetu ndipo wanapoumia. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu. Kutoka Teferrüç mpaka mahotelini ni mita 1,400, maana yake nyuzi tisa hivi. Bursa ikiwa na nyuzi 30 Julai, juu ni kama 21, na upepo wake unafanya uone ni chini ya hapo; sweta na soksi zinatosha. Bursa ikiwa na nyuzi 5 Januari, juu ni chini ya sifuri, na ukisimama nusu saa kupiga picha na viatu vya wazi, vidole huanza kwa kuuma, halafu vinaacha kuuma. Kuacha ndiyo hatari. Ingieni ndani mara moja.

Pamba ndiyo adui. Fulana ya pamba, jinzi, na kanga ya kujifunga ndani zikilowa theluji au jasho hazikauki, na zinakunyonya joto. Ndani vaa nguo ya kubana ya sufu au ya nailoni, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopitisha maji wala upepo. Makoti mazuri yamejaa kwenye mitumba ya nyumbani na hayana mnunuzi. Jaribu zipu kabla ya kulipa, na mwaga maji kidogo begani uone yanateleza au yanaingia. Dada na mama wanaovaa buibui: pindo ndilo linaloponza. Likiburuzika kwenye theluji linalowa mpaka magotini, halafu linakuwa gumu kama kadibodi na linapiga vifundo kwa kila hatua. Vaa suruali nzito ndani, na buibui au gauni lifupi linaloishia juu ya kiatu, au lipandishe na kulifunga kwa mkanda ndani ya koti. Mtandio wa sufu uwe wa pili juu ya ushungi, ufunike masikio. Pini za chuma ziguse kitambaa, zisiguse ngozi.

Viatu: makubadhi na raba nyepesi zibaki hotelini. Njiani kuelekea mlimani kuna maduka yanayokodisha mabuti ya theluji na ovaroli, na basi husimama hapo. Mabuti kodi, yanafaa. Ovaroli ni kwa anayekusudia kukaa chini kwenye theluji au kuteleza na kigari, basi watoto wote ndani. Glavu nunueni zenu, jozi mbili kwa kila mtoto, maana ya kwanza italowa dakika kumi za mwanzo. Miwani ya jua si urembo: theluji hurudisha mwanga, na macho yasiyozoea huwaka usiku. Simu iwekeni mfuko wa ndani karibu na kifua, kwani betri kwenye baridi hushuka kwa kasi na huzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30.

Masikio yataziba. Kumeza mate, bigijii, au pipi inatosha. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kupanda na zaidi wakati wa kushuka. Mwenye mafua makali ataumwa zaidi kushuka kuliko kupanda. Urefu wa mita 1,800 haumsumbui mtu mzima mwenye afya, lakini safari nyingi za kwetu kwenda Istanbul ni za matibabu, basi hili si la kupuuzwa: aliyefanyiwa upasuaji wa jicho na kuwekewa hewa ndani haruhusiwi kupanda mlima wala ndege mpaka daktari aseme. Mwenye selimundu asiende wakati wa theluji bila ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu baridi, ukavu na hewa nyembamba ndivyo vinavyoamsha maumivu. Mwenye pumu dawa ya kuvuta iwe mfuko wa ndani, si kwenye mkoba uliobaki basini. Na sote tunywe maji; baridi inaondoa kiu lakini haiondoi haja ya maji.

Chakula cha safari ya kundi ni supu ya dengu, saladi, kuku au kofta, wali mweupe, na kinywaji unalipa mwenyewe. Kinashibisha, basi. Sarıalan mabanda huuza nyama kwa kilo na kukuletea jiko la mkaa mezani, ujichomee mwenyewe. Hapo bei iulizwe kwa kilo, na uulize pia kama mkate, saladi na mkaa vimo. Watu wanne wanaokula vizuri wanamaliza kilo moja na nusu. Mkaa wao unachelewa kushika kwa ajili ya hewa na baridi, kwa hivyo agizeni mara mnapofika, si mkishachoka. Mahotelini kuna mikahawa inayouza pombe. Wasiopenda kukaa humo watapata vibanda vya mkate wa soseji ya ng'ombe na chai. Na mwenye tumbo la kusubiri mpaka mjini, iskender ya Bursa ndiko kwao: nyama iliyokatwa nyembamba juu ya vipande vya mkate, rojo la nyanya, mtindi pembeni, na mhudumu anakuja na sufuria ndogo kumwaga siagi iliyochemka mbele yako. Pilipili haina. Mwenye kuijua hali yake huweka kichupa mkobani.

Sala ipangwe na saa, kwa sababu mtembezaji hatokupangia. Adhuhuri ya Bursa huingia kama saa saba na kidogo mchana, mwaka mzima. Disemba Alasiri huingia kama saa tisa u nusu na Magharibi kabla ya saa kumi na mbili, kwa hivyo siku ni fupi mno. Juni Magharibi ni karibu saa tatu usiku kasorobo. Msafiri wa madhehebu yetu ya Kishafi ana nafasi ya kukusanya na kupunguza, na masharti yake kila mtu anaye shekhe wake wa kumuuliza; ila msishangae Waturuki, ambao ni Mahanafi, kuona hawakusanyi. Ijumaa nenda tu kama una gari lako, maana safari za kundi hukukuta mlimani wakati wa khutba.

Kama saa zimebaki, usikubali Bursa ipitwe kwa dirishani. Ulu Cami, Msikiti Mkuu, ulijengwa na Sultan Bayezid wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 14, una makuba 20, na katikati yake, ndani ya msikiti wenyewe, kuna birika la maji yanayotiririka chini ya kuba la vioo. Watu wanatia udhu hapo hapo, na mlio wa maji unasikika mpaka safu za nyuma. Nje, hatua chache, ni Koza Han, soko la hariri la 1491, uwanja wa miti na meza za chai. Kaburi la Kijani la Sultan Mehmed wa Kwanza, ambalo kwa macho ya wengi ni la buluu, liko mbali kidogo. Kwa siku moja liache.

Kushuka ndiko kunakosahauliwa. Kila aliyepanda mchana hutaka kushuka kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na foleni ya juu iko kwenye baridi. Shukeni nusu saa kabla ya wakati mliopewa. Vijana wakitaka kubaki mpaka dakika ya mwisho, wapewe tiketi zao mkononi na saa ya kundi, na waelezwe kwamba basi la kundi halimngoji mtu mmoja. Teksi ya kutoka Bursa mpaka Istanbul itamla fedha za mzigo.

Za matumizi chukueni lira kutoka Istanbul, pamoja na sarafu za vyoo vya njiani. Dola hupokelewa dukani kwa bei ya mwenye duka, na shilingi yetu huko haina mwenyewe. Zawadi ya kubeba ni njugu za kestane zilizopikwa kwa sukari, Bursa ndiko kwao. Zile kavu za boksi zinafika Unguja salama. Za chupa, zilizozama kwenye shira, zitieni kwenye sanduku la kukabidhiwa ndege, kwani uwanjani huhesabiwa kama maji, na chupa ya zaidi ya mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi huishia kwenye pipa la wakaguzi.